Msaragambo wa Mzee Aristides

Kauthar alikuwa anakamua godoro. Kukamua godoro ni kazi ya kichaa, na alijua, lakini alikuwa amekwisha kujaribu njia zote zenye akili. Alilisimamisha ukutani, alililaza juu ya viti viwili, alimwomba jirani jiko la mkaa alibembeleze kwa joto. Lilikuwa godoro la sponji la bei ya chini, na maji yaliyoingia ndani mafuriko yalipoanza yalikaa humo kama mpangaji asiyetaka kuhama. Akilikanyaga upande huu, linatema upande ule.

"Mama, linakojoa," alisema binti yake Salwa, akiwa juu ya meza. Meza ndiyo ilikuwa kitanda chake sasa.

"Usiseme hivyo. Linatoa jasho."

Mumewe, Luqman, alicheka mlangoni. Alikuwa amevaa kofia ngumu ya bodaboda ingawa hakuwa na abiria wa kumbeba, kwa kuwa barabara za Sombetini zilikuwa zimegeuka mifereji na watu wenye akili walikuwa ndani. Mvua ilikuwa inashuka kutoka Mlima Meru tangu wiki iliyopita, na mlima wenyewe haukuonekana, ungedhani umeona aibu. Mto ulipovunja kingo, mkuu wa wilaya alitangaza redioni kwamba shule zote, na karakana na maduka yote ya kando ya mto, yafungwe hadi maji yapungue.

Karakana ya kushona mahema ya watalii kule Daraja Mbili, alikofanya kazi Kauthar, ilikuwa kando ya mto kabisa. Siku ya kwanza mafundi walishangilia. Nani asiyependa kulala wakati bati linapigwa na mvua? Jioni ile ile Oscar, mtoto wa mwenye karakana na meneja wake, akaandika kwenye kundi la WhatsApp: *Ndugu wafanyakazi, hakuna kazi hakuna malipo. Mvua ni ya Mungu.* Hakuna aliyejibu, isipokuwa Shamsudin, fundi wa nguzo za mahema, aliyeweka picha ya mwavuli.

Siku zilizofungwa zilikuwa zimetimia tatu. Kauthar hakuwa mtu wa mahesabu marefu. Kwake siku zile tatu zilikuwa na umbo, urefu na upana: zilikuwa godoro jipya, lile la maua ya zambarau aliloliona dukani Kaloleni. Zikilipwa, Salwa anashuka mezani. Zisipolipwa, mtoto anabaki pale juu mpaka mwisho wa mwezi, na kifua chake kilikuwa kimeanza kukoroma. Hilo ndilo lililomuuma Kauthar, na alikamua godoro kwa hasira ya hilo.

Simu ikalia. Ulikuwa ujumbe wa sauti kundini, kutoka kwa Mzee Aristides mwenyewe. Mzee hakuwa mtu wa kuandika. Alisema, tena kwa sauti ya mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya bonde. Luqman akausogelea mlango aufunge ili wasikie.

"Jamani, Bwana asifiwe, asalaam aleikum, wote. Maji yameingia karakana. Tope liko kwenye miguu ya cherehani. Marobota ya turubai yako chini, yakilala leo tena yanaoza, na wateja wanayataka mahema yao kabla ya msimu wa wageni. Sasa nasema hivi. Hii si kazi! Kazi zimefungwa na serikali. Huu ni msaragambo. Na msaragambo mnaujua. Kila mtu aje na jembe au koleo. Na asiyeshika jembe, nasema asiyeshika jembe, hata awe nani, atawalipa walioshika siku zao zote tatu! Nimemaliza. Mungu awabariki."

Luqman alipiga mluzi.

"Dingi mjanja huyu. Akiiita kazi, inabidi alipe, na serikali imkamate kwa kufungua. Akiiita msaragambo, mnafanya bure, halafu mnamshukuru."

"Msaragambo si wa barabara?"

"Wa barabara, wa mfereji, wa darasa la shule. Wa turubai za mtu ndio nausikia leo."

Kauthar alizaliwa Kaloleni, na wazazi wake walitoka Kondoa. Msaragambo kwake lilikuwa neno la watu wa mlimani, la wale wanaoshuka na ndizi. Alijua kwamba huko juu mbiu ikipigwa, kila nyumba inatoa mtu na jembe lake, na hakuna anayelipwa kwa sababu barabara ni ya wote. Zaidi ya hapo hakujua. Alichojua vizuri ni kwamba asipokwenda, Oscar atamkumbuka.

"Eti niwalipe wenzangu siku tatu," alisema akifunga mtandio. "Ningekuwa nazo ningelala kwenye maji?"

Aliazima jembe kwa jirani. Luqman alimpakia hadi pale barabara ilipokatika, na kutoka hapo akaendelea kwa miguu, jembe begani, sketi ameikunja magotini juu ya suruali ya mumewe. Vijana waliosimama chini ya kibanda cha chipsi wakampigia makofi. "Mama, shamba liko wapi?" Akawajibu shamba liko mjini siku hizi, njooni mpande. Akashangaa kujikuta anacheka. Baada ya siku tatu za kukaa ndani na ndoo, hata tope la njiani lilikuwa na raha yake.

Nje ya karakana wenzake walikuwa wamekwisha kufika, wamesimama chini ya upenu. Kati yao alikuwapo Tabitha, ambaye wote walimwita Mama Prosper, mwanamke wa Kimeru kutoka Nkoaranga huko mlimani, mzee wa usharika na mkongwe wa cherehani kuliko wote. Alikuwa amevaa gambuti na amekuja na majembe mawili.

"Shikamoo, Mama Prosper."

"Marahaba, mwanangu. Nyumba inaendeleaje?"

"Inaogelea. La pili la nani hilo?"

Mama Prosper aliliinua jembe la pili, akalitazama kwa mapenzi.

"La aliyeita. Kwetu anayeita msaragambo ndiye anayetangulia kuingia topeni. Halafu analisha watu. Aristides kazaliwa Nkoaranga kama mimi, tumecheza naye kwenye mfereji mmoja. Kama amesahau, leo atakumbuka."

Shamsudin alisugua viganja. Alikuwa mtu mwembamba mwenye furaha ya bure, na ubishi wowote uliokaribia kuanza ulimpata amekwisha kufika.

Gari la Mzee Aristides likaja likisukuma maji pembeni. Oscar alikuwa kwenye usukani. Mzee akashuka upande wa pili, gambuti mpya, koti la suti, mwavuli mkubwa wa kampuni ya bima. Oscar hakushuka. Alikuwa amevaa raba nyeupe pee, na alifungua kioo nusu kidole ili hewa ipite.

"Karibuni, jamani, karibuni," alisema Mzee. "Wanawake waanze na tope, wanaume wainue marobota. Mimi nitasimama hapa nisimamie."

Mama Prosper akamwendea, akamnyooshea jembe kwa mikono miwili, kwa heshima zote.

"Bosi, jembe lako."

"Mama Prosper, mimi nasimamia."

"Msaragambo hauna msimamizi, Mzee. Una jembe."

Watu wakacheka, na si kicheko cha kujificha. Mzee Aristides alilitazama jembe, akawatazama wao, akatazama mlango wa karakana ambako maji ya kahawia yalikuwa yanatoka taratibu kama uji. Pengine alifikiria kukasirika. Lakini mtu hukumbuka mambo yake mwenyewe bila kupenda, na mkono wake ukaushika mpini kabla mdomo haujakataa. Akavua koti. Akalitundika kwenye msumari, akapiga jembe la kwanza, na watu wakapiga vigelegele.

Ndani kulikuwa na vituko. Mto ulikuwa umeleta kandambili zisizo na wenza, sufuria, na nusu ya bango la mgombea fulani. Juu ya cherehani ya Kauthar alikuwa amekaa kuku, mwekundu, mkavu, asiye na wasiwasi, na alipofukuzwa aliacha yai.

"Huyo ndiye mfanyakazi pekee aliyezalisha wiki hii," alisema Shamsudin. "Tena hajalipwa."

Walichota tope kwa majembe, kwa makoleo, kwa mabeseni, kwa sufuria ile ya mtoni. Walijipanga mstari kutoka ndani hadi mtaroni, wakapokezana. Marobota ya turubai yalikuwa mazito kuliko maiti, na wanaume walipoyainua juu ya meza za kukatia walitoa maneno ambayo Mama Prosper alijifanya hakuyasikia. Mzee Aristides alikuwa wa kwanza kwenye mstari. Alilima tope kama mtu aliyefunguliwa kutoka kifungoni. Shati lilimganda mgongoni, miwani alimpa mtu amshikie, na ghafla akaanzisha wimbo, wa kubuni pale pale, kwa sauti ile ya ng'ambo ya bonde:

"Tope, tope, nani kakualika?"

"Rudi kwenu mlimani!" wakamjibu.

"Tope, tope, chakula hujachangia!"

"Rudi kwenu mlimani!"

Kauthar aliimba hadi koo likauma. Alikuwa ameghadhibika na mzee huyu asubuhi, na alikuwa bado ameghadhibika mahali fulani, lakini furaha haikuomba ruhusa. Majirani wa mtaa walikuja kutazama, baadhi wakaingia kusaidia, kwa sababu wimbo ukiwa mtamu mtu hasimami nao nje.

Oscar peke yake alibaki garini. Shamsudin alikwenda kugonga kioo.

"Chalii, shuka. Tope linakuulizia."

"Mimi ni menejimenti."

"Menejimenti haina mikono?"

Kioo kikapanda. Baadaye baba yake mwenyewe akapaza sauti, "Oscar! Shuka, mwanangu, huku kuna raha!" Oscar akaonyesha simu iliyokuwa sikioni, kwa maana yuko kwenye kikao. Kikao kilikuwa kirefu. Mara mbili Kauthar alipopita na beseni alimwona akicheka na simu hiyo.

Tope lilipokuwa limebaki kidogo ndipo akaja Bwana Jabiri, mtendaji wa mtaa, na pikipiki yake na koti la mvua la manjano. Bwana Jabiri alikuwa na sura ya mtu anayeanza kusikitika kabla hujakosea.

"Nani amefungua karakana hii? Agizo linasema zifungwe. Mmesikia redio? Hii ina faini, Mzee, tena kubwa."

Mzee Aristides alijinyoosha, jembe mkononi, tope hadi kwenye nyusi.

"Sijafungua, Mtendaji. Hakuna kazi hapa. Huu ni msaragambo."

"Msaragambo wa kuokoa mali ya mtu binafsi?"

"Msaragambo! Waulize wenyewe. Au sivyo, jamani?"

Wimbo ulikuwa umekatika. Mzee aliwatazama mafundi wake mmoja mmoja, na kwa mara ya kwanza tangu Kauthar amjue, macho yake yalikuwa yanaomba. Neno moja lingemponza. Mtu mmoja tu akisema "tumeitwa kazini," karakana ingefungwa kwa kufuli la serikali. Lakini wao pia wangerudishwa nyumbani hivyo hivyo, mikono mitupu na nguo za tope. Mama Prosper alianza kukwangua tope kwenye jembe lake. Hakuwa mtu wa kusema uongo kirahisi.

Kauthar akamtazama Oscar nyuma ya kioo. Akamtazama Mzee. Kicheko kikaanza kumjia, kidogo kidogo, kama maji yanayokaribia kuchemka.

"Ni msaragambo, Bwana Mtendaji," alisema. "Kwa sheria zake zote."

"Umesikia!" alisema Mzee Aristides, na pumzi ikamrudi. "Kwa sheria zake zote!"

"Zote, Mzee?" aliuliza Kauthar.

"Zote! Mimi nimezaliwa kwenye msaragambo, binti. Hakuna sheria ya msaragambo nitakayoikwepa, Mtendaji huyu hapa awe shahidi wangu!"

"Mimi shahidi," alisema Bwana Jabiri, ambaye alipenda kuwa shahidi kwa sababu kulimpa sababu ya kuegesha pikipiki.

Mdomo ulikuwa umekwisha kumponza kichwa, ila kichwa chenyewe kilikuwa hakijapata habari.

Mama Oscar alifika na chakula, amekodi bajaji nzima kwa ajili ya masufuria. Mumewe alikuwa amempigia simu baada ya Mama Prosper kumkumbusha, kwa sauti ya juu, habari ya kulisha. Kulikuwa na loshoro, mahindi yaliyolainika ndani ya maziwa mgando, na ndoo ya parachichi, na chai ya tangawizi ambayo Bwana Jabiri aliipokea bila kualikwa mara mbili. Walikaa juu ya makreti na ngazi, wamechoka vizuri, miguu imewapauka kwa maji. Mama Oscar alimtazama mumewe alivyopakaa tope akapiga makofi kwa furaha.

"Baba Oscar! Tangu tuoane sijakuona hivi!"

"Na leo umeniona!"

Hapo mlango wa gari ukafunguka. Harufu ya chai ilikuwa imefika hadi kule. Oscar alishuka, akaruka dimbwi, akaruka la pili, akafika penye masufuria na raba zake nyeupe kama alivyotoka nazo nyumbani, akanyoosha mkono apewe bakuli.

Kauthar ndiye aliyekuwa anagawa. Hakumpa.

"Meneja, jembe lako liko wapi?"

Oscar alicheka. "Dada Kauthar, nipe bwana. Nina njaa."

"Na sisi tulikuwa nayo. Jembe liko wapi?"

Akaweka upawa chini, akafuta vidole kwenye mtandio, akatoa simu. Hakuwa jasiri. Aliogopa kwamba sauti ingemtetemeka. Aliacha simu iseme. Ilisema kwa sauti ya ng'ambo ya bonde, na watu waliokuwa wanatafuna waliacha:

*"...Na asiyeshika jembe, nasema asiyeshika jembe, hata awe nani, atawalipa walioshika siku zao zote tatu!"*

Mzee Aristides alikuwa na kijiko mdomoni, na kikabaki humo. Halafu Shamsudin akasema polepole, "Hata awe nani," akaanguka kutoka kwenye kreti. Baada ya hapo hakuna aliyeweza kujizuia. Walicheka hadi majirani wakarudi kuuliza kuna nini, wakaelezwa, wakacheka na wao. Mama Prosper alikuwa analia kwa kicheko na kujipepea kwa kifuniko cha sufuria.

"Baba, si ulikuwa unawatisha tu?" alisema Oscar. "Si namna ya kusema tu?"

"Mimi nimeambiwa sheria zote," alisema Bwana Jabiri ndani ya kikombe. "Nimewekwa shahidi."

"Ulikuwa unamtisha nani?" Mama Oscar aliuliza, naye alimwuliza mumewe, si mwanawe. "Mama wa watu aliyeingiliwa na maji nyumbani, asingekuja leo, ungemlipisha karakana nzima?"

Mzee alikitoa kijiko. "Ilikuwa hasira."

"Sauti ni yako au si yako?"

"Ni yangu."

"Haya."

Mzee Aristides aliangalia mikono yake yenye tope, akaangalia ya mwanawe. Kauthar alimwona anavyopigana. Upande mmoja alikuwapo mwenye karakana, ambaye hakuwahi kulipa hata saa moja ambayo cherehani haikulia. Upande wa pili alikuwapo mtoto wa Nkoaranga aliyetoka kuimba mbele ya mtaa mzima. Mabega yake yakaanza kutikisika. Alicheka mwisho kuliko wote, lakini alicheka sana, hadi akashikilia mguu wa cherehani.

"Oscar," alisema alipopata pumzi. "Lipa."

"Nitoe wapi, baba?"

"Pale ulipotoa ile ya hakuna kazi hakuna malipo. Lipa sasa hivi, kwa simu, Mtendaji akiona. Na mpe huyo bakuli, binti, asije akazimia kabla hajamaliza kutuma."

Oscar alikaa kwenye ngazi na simu. Watu walimzunguka wakimsaidia kutaja namba ambazo alizijua. Kisha simu zikaanza kulia, moja kwenye koti lililotundikwa, moja kwenye mfuko wa plastiki, moja kwenye kifua cha Mama Prosper, na kila ilipolia watu walishangilia kana kwamba ni goli. Ya Kauthar ililia ikiwa mkononi. Alisoma. Akasoma tena. Furaha ilimpanda hadi masikioni, akataka kumpigia Luqman aende Kaloleni sasa hivi, kabla duka halijafungwa, achukue lile la zambarau na si lingine.

"Lakini mnisikilize," alisema Mzee Aristides, na alikuwa amevaa tena koti na sauti kidogo ya koti. "Hii ni faini ya msaragambo. Si mshahara. Nisije nikasikia mtu anasema Aristides hulipa watu kwa ajili ya mvua. Tusizoeane hivyo."

"Ni faini, Mzee," walisema wengi, kwa uchangamfu. Pesa ilikuwa imeingia, na jina lake halikuwakera.

Kauthar ndiye lililomkera. Alikuwa ameishika simu yenye godoro ndani, na bado neno lile lilimkaa vibaya. Maana yake ni nini? Maana yake ni kwamba Salwa atashuka mezani kwa sababu mzee mmoja alipandwa na hasira akasema zaidi ya alivyokusudia. Je, asingepandwa? Mvua ijayo atakuwa amejifunza. Atatuma ujumbe mfupi, wenye adabu, usio na kosa.

"Mzee," alisema. "Na masika yajayo?"

"Yajayo tumwachie Mungu, binti."

"Mungu hakufunga karakana," alisema Mama Prosper, bila ukali, akikusanya mabakuli. "Iliyofunga ni serikali."

Wote wakamgeukia Bwana Jabiri. Aliona ghafla kwamba chai imekwisha.

"Mimi agizo langu ni moja. Kufunga. Ni kwa usalama wenu. Nani alipe, agizo halikusema."

"Na wewe siku hizi tatu umelipwa?" aliuliza Shamsudin.

"Mimi ni mtumishi wa umma," alisema Bwana Jabiri, akaanza kutafuta funguo za pikipiki.

Safari hii walicheka kidogo, kisha wakaacha. Oscar alisema kwamba masuala ya sera yatajadiliwa kwa wakati wake. Mzee akasema tutaangalia. Mtendaji akasema atafikisha ngazi za juu. Kauthar aliwasikiliza wote watatu, wanaume watatu waliosimama mahali pamoja, na hakuna aliyekuwa amesema ndiyo wala hapana.

Mzee Aristides alitaka mambo yaishe yakiwa bado matamu. Akasimama katikati ya sakafu iliyooshwa, akainua mkono kama afanyavyo mwenye mji huko juu kazi inapokwisha. Mama Prosper akamnong'oneza Kauthar kwamba msaragambo hauishi mpaka aliyeita aulize na waliochimba waitikie. Wakiitikia, kila mtu huchukua jembe lake akaenda kwake. Wasipoitikia, aliyeita ana deni nao.

"Jamani!" aliita Mzee. "Tumemaliza?"

Watu walikuwa wamekwisha kufungua midomo. Kauthar mwenyewe alikuwa amekwisha kuifungua. Duka la Kaloleni lilikuwa wazi, njia ilikuwa ndefu, na mtoto alikuwa juu ya meza. Akatazama zile cherehani, zote tope limeingia hadi kwenye magurudumu na mikanda ya chini, zikisubiri mikono ya kuzifungua na kuzisafisha kesho. Yeye na wenzake ndio walioijua kazi hiyo. Mzee mmoja na kijana wa raba nyeupe wasingeshona hema hata la kulala kuku.

"Bado," alisema.

Hakusema kwa nguvu. Mzee aligeuka kutafuta sauti imetoka wapi.

"Nimeuliza, tumemaliza?"

"Bado, Mzee," alisema Kauthar, sasa kwa sauti yake yote, na akageuza kreti juu chini, akalikalia. "Hatujaambiwa siku ya mvua ni siku ya nani."

Mama Prosper akayarudisha mabakuli chini, akaketi karibu naye. Shamsudin akaketi sakafuni, akanyoosha miguu, akajilaza kidogo kama mtu aliyefika pikiniki. Mmoja baada ya mwingine wakaketi, na majembe yao magotini, na mtu nyuma akaanza kuuimba ule wimbo wa tope, taratibu. Bwana Jabiri alikuwa amekwisha kuvaa helmeti. Oscar alimtazama baba yake.

Mzee Aristides aliuliza mara ya tatu, na sauti yake haikufika hata ng'ambo ya chumba.

"Bado!" walimjibu wote, kwa furaha.